Kadi Iliyogoma Kushuka Bei

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kadi ya picha ya kompyuta hushuka bei kama alizeti. Mama alikuwa na shamba la alizeti kwao Iguguno, na kila mwaka niliona jambo lilelile: mavuno mapya yakianza kuingia, aliyebaki na gunia la mwaka jana analiuza kwa bei ya huruma. Kisha siku moja nilifungiwa maandazi kwenye ukurasa wa jarida la kompyuta. Ukurasa ule ulisema toleo jipya la kadi likitoka, la zamani hushuka. Nikaona basi dunia nzima inafuata utaratibu wa Iguguno.

Kadi yenyewe ni kibao kinachokaa ndani ya kompyuta na kushughulikia kila kinachoonekana kwenye kioo. Niliyoitaka mimi ilikuwa na tundu la kuingizia video. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza mashine moja ya mtumba chumbani kwetu Unyambwa. Nilikuwa nimempiga dada yangu video ya harusi kwa kamera ya mjomba, na nilimwahidi nitaihariri iwe na majina yanayoteleza na maua yanayofunguka. Bila kadi, hakuna maua.

Miaka ile milango ya biashara huria ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya Singida mjini yaliuza chochote kilichofika. Kadi ilikuwa moja tu mji mzima. Ilikaa katika kabati la kioo la mzee mmoja muuza vyombo, kati ya pasi na chupa za chai. Pesa ya kuinunua nilikuwa nayo. Lakini nilisikia toleo jipya liko njiani, na mimi nikienda sokoni kununua nyanya tatu, nageuza fungu zima. Nikaamua kusubiri.

Kila Jumamosi nilikwenda kuulizia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuitazama?"

"Bei ni ileile?"

"Ileile. Haijakimbia."

Baada ya wiki kadhaa nikaona aibu, nikaanza kutuma watu. Binamu yangu akaulizia. Rafiki yangu fundi baiskeli akaulizia. Nilimtuma hata mwalimu wetu wa kwaya, mama mtu mzima, nikamwandikia jina la kadi kwenye karatasi ili asikosee.

Mwaka ukakatika hivyo, na huko Ihanja, kwa wakwe zake dada, mambo yalikuwa yameharibika. Shangazi wa shemeji aliwatangazia majirani kwamba bibi harusi alikuja mikono mitupu, na kwamba kabati la vyombo lililopo sebuleni lilinunuliwa na ukoo wao. Lilikuwa letu. Wajomba zangu wanne walilibeba wakicheza, na mimi nikawapiga picha. Ushahidi wote ulikuwa kwenye kanda.

Dada akaja nyumbani, mtoto mgongoni.

"Video iko wapi?"

"Nasubiri kadi ishuke bei."

"Nimeolewa, nimebeba mimba, nimezaa. Wewe unasubiri kadi."

"Toleo jipya linatoka wakati wowote, dada."

"Mdogo wangu, kule kila nikifungua lile kabati nichukue sahani, naulizwa kama nimeomba ruhusa."

Hakulia. Angelia ningepata nafuu.

Siku mbili baadaye toleo jipya likatoka kweli. Nililiona kwa macho yangu kwenye duka la intaneti karibu na stendi, na nikaenda mbio kwa yule mzee. Kadi ilikuwa palepale, ina kibandiko kipya. Bei ilikuwa imepanda.

"Mzee, toleo jipya limetoka. Hii ilitakiwa ishuke."

"Limetoka wapi?"

"Duniani."

"Hapa halijafika." Akaifuta vumbi kwa upendo. "Sikiliza, kijana. Pasi zangu hizi hakuna anayeziulizia mara mbili. Hii kila wiki ina mtu. Kuna wewe, kuna yule mwembamba, kuna fundi baiskeli, juzi kaja mwalimu wa kwaya na karatasi. Kitu kinagombaniwa na watu wanne, mimi nikishushe bei? Nimerogwa?"

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba wote wanne walikuwa mimi.

Niliporudi nilimkuta dada ameishika kamera.

"Hii ukiichomeka kwenye TV haionyeshi?"

Inaonyesha. Nilijua tangu siku ya kwanza, na hilo ndilo ninaloona gumu kulikiri kuliko yote. Kanda ile ilikuwa na dakika nyingi za viatu vyangu, kidole changu mbele ya lenzi, na sauti yangu ikijihimiza, "Tulia, tulia." Sikutaka mtu aione. Kadi ilikuwa kisingizio kizuri, na kilikuwa cha kisasa.

Tukaenda Ihanja siku hiyohiyo. TV ikafungwa kwenye betri ya gari, ukoo ukajaa sebuleni. Waliangalia viatu vyangu kwa heshima. Babu mmoja akauliza kama vile viatu ndiyo mahari. Kisha kabati likatokea likiyumba, wajomba wakicheza chini yake, na mbele yao shangazi mwenyewe, akilipangusa vumbi kwa kanga na kupiga vigelegele.

Watu wote wakamgeukia shangazi.

"Picha zenyewe hazionekani vizuri," alisema shangazi.

"Turudishe nyuma, shangazi?" aliuliza shemeji.

Tulirudisha mara tatu. Mara ya nne shangazi akasimama, akasema wageni watakufa njaa, akamgeukia dada. "Mwanangu, naomba unifungulie kabati nitoe sahani."

Kadi ile ilikuja kushuka bei miaka kadhaa baadaye, wakati hakuna tena aliyeihitaji, hata mimi mwenyewe. Siku hizi napiga video za harusi, na kazi naikabidhi siku niliyoahidi, hata nikiwa bado naziona kasoro zake.