Chumvi ya Kababu

Nakumbuka asubuhi moja zama za Mngereza, mwanangu, nafua leso zangu uani kwa wakwe zangu, kijijini Munje. Ndoa yangu ilikuwa changa bado. Kwenye leso niliyolalia nikaona vipande vyeupe vilivyonitoka mwilini, bapa, kama mbegu za boga. Kimoja kikajikunja. Yarabi! Leso iliniponyoka. Nikajua nimerogwa.

Miezi ilikuwa nala nisishibe, na mifupa yatokeza. Mama mkwe alidhani nina mimba, akafurahi. Mimi nilidhani naliwa kutoka ndani, na mume wangu akijua atanirudisha kwetu. Nikanyamaza, nikawa hata kulala naogopa.

Aliyenibaini ni somo yangu, Bi Mwanakombo, yule aliyenifunda nilipoolewa. Alinifungia chumbani. "Utamwambia nani kama si mimi? Mficha maradhi, kifo humuumbua!" Nikalia, nikasema yote. Akatia kipande kimoja ndani ya kiberiti kitupu, tukaenda hospitali.

Dresa, mtibabu wa pale, alipokifungua tu akasema, "Huyu ni tegu, bibi, mnyoo wa tumboni, si uchawi. Nyama mbichi wala wapi?"

Nikaapa siili! Somo akanikazia macho. "Na chumvi ya kababu waionjaje?"

Hapo nikakumbuka. Kila harusi muonjaji ndiye mimi: kidole kwenye kima kibichi cha nyama, kisha mdomoni.

Nililala bila kula. Asubuhi nikapewa vidonge vya manjano, vichungu kama shubiri, kisha chumvi ya kuharisha. Dresa alionya kwamba kichwa kikibaki tumboni, tegu huota upya. Basi akatoka, mrefu kama utepe, nami nilidhani roho inatoka naye. Somo akammwagia maji juu ya kaniki nyeusi, akatafuta kichwa. Akatafuta wee, midomo yasoma dua.

"Hiki hapa," akasema mwishowe. Kilikuwa kama kichwa cha pini. Mwanangu, nilicheka na kulia pamoja. Mimba aliyoitarajia mama mkwe niliipata baadaye.

Kwa hivyo kababu kaanga moja kwanza, ndipo uonje. Nyama iive hadi ndani. Na ukiona mwilini mwako jambo usilolijua, usikae nalo ukamsingizia jirani uchawi. Mwambie mtu wako, uende hospitali. Mimi nilikaribia kufa kwa kuona haya, si kwa tegu.

Mola akupe afya, mwanangu, na asikunyime wa kumwambia.