Ruta Imevalishwa kwa Ajili ya Shangazi

Leo nimeilaumu Linux, mfumo wa laptop yangu, bure, jamani.

Saa nne nilikuwa na usaili wa kazi kwa video, hapa hapa nyumbani Nsemulwa. Kabla yake najaribu mtandao kwenye laptop: unashika, unakata. Unashika, unakata.

Sikuwa na presha. Linux naijua. Kadi ya Wi-Fi huwa inasinzia ili kuokoa chaji, nikaiondolea hiyo tabia, nikawasha upya.

Ukakata tena!

Nikajaribu kwenye simu. Nayo inakata. Kumbe kosa siyo la laptop.

Nikaenda sebuleni kuangalia ruta, kile kiboksi cha Wi-Fi. Siioni!

Shangazi kaingia asubuhi kutoka Majimoto, na nyie mnamjua mama akipata mgeni: kila kitu sebuleni kinavalishwa kitambaa cha kufuma. (Nani mwingine kwao ni hivi? Semeni ukweli.) Ruta kaivalisha viwili, juu yake kaweka maua ya plastiki. Imepata moto kama pasi.

Nikaivua. Ilipopoa, mtandao ukatulia, na usaili nimeupiga mpaka mwisho. Hiyo kazi ni yangu.

Natoka chumbani, mama kasimama mlangoni na vitambaa vyake mkononi.

"Umemaliza? Haya, kaivalishe. Mgeni bado yupo."