Springi za Lori la Mama Nesi

Nakumbuka siku ile, mwanangu, wanaume walipoipandisha nyumba ya mbao juu ya lori langu kwa magogo na kamba, pale Shinyanga mjini, na lori likakaa chini kwa nyuma kama ng'ombe aliyegoma kulima. Bodi ilishuka hadi ikakaribia kugusa matairi, na pua ya mbele ikatazama juu. Watu waliokuwa wakiimba na kuvuta kamba wakakata wimbo katikati. Mimi nililizunguka lori, nikalizunguka tena, nisijue nianzie wapi.

Nasema lori langu, lakini lilikuwa la hospitali. Mimi nilikuwa dereva tu, kijana wa Samuye, niliyejifunza kuendesha jeshini wakati wa vita na kurudi nyumbani na koti la khaki na imani kwamba hakuna gari litakalonishinda. Ujana, mwanangu, ni kama pombe ya mtama: ukiwa ndani yake huijui harufu yake.

Nyumba ile ilikuwa ya Mama Nesi Yunis. Alikuwa mkunga, mjane kutoka upande wa Tabora, mama mwenye sauti ndogo na macho yasiyokuacha. Kule Geita, kwenye makambi ya dhahabu, wachimbaji walikuwa wamefuatwa na wake zao, na wanawake wale walijifungua mbali na hospitali yoyote. Wengine walizikwa na watoto wao. Basi wakubwa wa hospitali wakaamua: kama wagonjwa hawawezi kuja, nyumba ya mkunga iende. Ikajengwa kwa mninga, paa la bati, ndani kitanda cha Mama Nesi na kitanda cha mgonjwa, kabati la dawa, jiko la mafuta ya taa, na nyuma kabisa, karibu na mlango, tangi kubwa la maji. Mvua zikikaribia kwisha tulitakiwa tuwe Geita. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha lori linafika.

Nikaenda kuuliza. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini hawakusema utafanya nini ukijibiwa na kila mtu jibu lake.

Fundi Jagat, aliyekuwa na gereji karibu na stesheni, aliinama chini ya lori, akagonga springi za nyuma kwa nyundo. Zile springi ni mabapa ya chuma yaliyopindwa, yanapangwa moja juu ya jingine. Mafundi huyaita majani. Aliniuliza uzito, nikamwambia. Akasema, "Ongeza majani, bwana Masanja. Springi hizi ni nyembamba. Nikikuongezea majani mazito, lori litasimama wima."

Nikatoka pale nimefurahi. Sikufika mbali. Nikakutana na Salum, rafiki yangu wa jeshini, aliyekuwa dereva kwenye mgodi wa almasi upande wa Songwa.

"Majani?" Salum akacheka. "Ndugu yangu, ukiongeza majani, siku lori likiwa tupu litakurusha hadi ugonge paa. Tia mpira mnene kati ya ekseli na chasisi. Lori likishuka, linakaa juu ya mpira. Sisi kule tunabeba mawe namna hiyo."

Nikaenda kwa Athumani, seremala aliyeijenga nyumba, nikamwomba apunguze mbao. Aliweka randa chini taratibu, akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Nyumba yangu haina kosa. Kosa ni la lori. Tafuta lori kubwa."

Mwanangu, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi siku zile zangu ziliniingia machoni. Nililala na majani, nikaamka na mipira. Nikimsikiliza Jagat namwona ana haki. Nikimkumbuka Salum, naye ana haki. Nikilitazama lori, naona hata Athumani ana haki. Wote walikuwa watu wazima, wote wanaijua kazi yao, wala hakuna aliyetaka kunidanganya. Hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Mtu mwongo akikushauri, unamkimbia. Watu watatu wa kweli wakikuvuta huku na huku, utakimbilia wapi?

Lori kubwa hospitali haikuwa nalo, basi nikaamua kuwafuata Jagat na Salum wote wawili. Nilijiona mwerevu: sitamkosea mtu. Fundi Jagat akaniongezea majani, na mipira nikaitia mwenyewe kwa maelekezo ya Salum, bila kumwambia Jagat. Lori likasimama wima kama askari kwenye gwaride. Watu wa mjini wakapita wakalisifu, nami nikazipokea sifa kama mtu anayepokea mahari.

Ila kulikuwa na kitu sikukielewa. Tangi la maji likijaa, usukani ulikuwa mwepesi, ukizungushwa gari halitaki kugeuka upesi. Nikajiambia ni kazi ya springi mpya, zitazoea. Hata leo sijui springi ingezoea nini.

Kabla hatujaanza safari ya Geita, ikaja habari kutoka kwetu Samuye. Mwanamke mmoja, Kabula, alikuwa ameanza uchungu tangu jana yake na mtoto hashuki. Mama Nesi alipanda nyuma, mimi nikakamata usukani, tukaenda. Tulimkuta Kabula amelala juu ya ngozi, macho yameingia ndani, na mama mkwe wake, mama mmoja mrefu aliyeitwa Ng'washi, amemshika kichwa. Mama Nesi alimpima, akatoka nje akaniambia kwa ile sauti yake ndogo, "Huyu anatakiwa kwa daktari mjini. Endesha vizuri."

Tukampandisha kwenye kitanda cha mgonjwa, Mama Nesi na Mama Ng'washi wakakaa naye nyuma. Nikaondoka polepole. Wallahi, mwanangu, nilikwenda polepole. Lakini barabara ile, mvua za kwanza ilikuwa imekanyagwa na kwato za ng'ombe kwenye udongo wa mbuga, kisha ikapigwa na jua, ikakauka na kuwa mashimo magumu kama vyungu. Kila tairi lilipoingia shimoni, lori halikulainika hata kidogo. Majani yalikuwa magumu mno, na yalipotaka kupinda kidogo, mpira uliyazuia. Pigo lilitoka ardhini likapanda moja kwa moja hadi kitandani. Nikasikia chupa zinavunjika kabatini. Kisha nikasikia Kabula.

Sitaki kukusimulia sauti ile. Nilipunguza mwendo, ikaendelea. Nikapita kando kwenye nyasi, ikaendelea. Nikawa sijui kama nisimame au niende, kwa maana kusimama ni kumchelewesha na kwenda ni kumuua. Jasho lilinitoka mikononi hadi usukani ukateleza.

Ndipo Mama Ng'washi alipopiga ubao wa nyuma yangu kwa ngumi. "Simamisha! Mayu wane, mama yangu we, simamisha! Mnamponda mtoto wa watu!"

Nikasimama. Akina mama waliotoka mashambani walikuwa wamesikia. Hawakuniuliza kitu. Walimshusha Kabula na godoro lake, wakafunga kitanda chepesi kwa miti na khanga zao, wakamwinua mabegani. Wakaanza kutembea kuelekea mjini, wakipokezana, Mama Nesi pembeni amemshika mkono. Na mimi, dereva wa jeshi, mwenye lori lililosimama wima, nikawafuata nyuma kwa gia ya kwanza, nyumba tupu, mlango ukigongagonga. Walionipita njiani walinisalimu, nami sikuweza kuitikia. Nilikuwa najiuliza jambo moja tu: nimekosea wapi, na mimi nimefuata ushauri wa Jagat na wa Salum?

Kabula alifikishwa hospitali, akajifungua kwa mkono wa daktari mtoto wa kiume, dhaifu lakini hai. Mama naye akapona. Shukuru Mungu, maana isingekuwa hivyo, nisingeweza kuisimulia habari hii.

Siku iliyofuata Mama Nesi alinikuta gereji kwa Jagat, nimekaa juu ya tairi kuukuu, nimeshika kichwa. Nilisimama nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Masanja. Panda nyuma."

"Nyuma wapi, mama?"

"Kitandani. Ulale. Fundi atatuendesha."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Hakuwa na mzaha. Nikapanda, nikalala pale alipolala Kabula, na Mama Nesi akakaa kwenye kiti kidogo karibu nami kama anayeuguza. Fundi Jagat akaliwasha lori na kuliendesha kwenye njia mbovu iliyopita nyuma ya maghala ya pamba. Shimo la kwanza lilinipiga mgongoni kama mchi. La pili likanigongesha meno. La tatu nikapiga kelele, mwanangu, mwanamume mzima asiye na mimba.

Tuliposimama, Mama Nesi alisema maneno ambayo nimeyabeba hadi uzee huu. "Masanja, umewauliza wanaume wote wa Shinyanga jinsi ya kuliinua lori hili. Mimi ninayelala humu hukuniuliza. Wagonjwa watakaolala humu hukuwafikiria. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Nilitaka kusema kwamba yeye hajui springi, lakini mgongo wangu ulikuwa shahidi upande wake.

Fundi Jagat alishuka mbele akiwa ameshika kiuno. Alikuwa amekasirika, na aliyemkasirikia ni mimi, si Mama Nesi. "Bwana Masanja, uliniambia uzito. Hukuniambia kwamba ni mtu amelala! Mimi nafunga springi za malori ya pamba. Robota la pamba halilii. Na hii mipira, nani ametia?"

Nikasema ni ushauri wa Salum.

"Salum anabeba mawe," akasema. "Jiwe nalo halilii."

Hapo, mwanangu, ukungu ulianza kuniondokea kidogo. Kila mtu alikuwa amenijibu kwa mzigo wake. Jibu la Jagat lilikuwa sahihi kwa pamba, la Salum sahihi kwa mawe, na mimi sikubeba pamba wala mawe. Hakuna aliyenidanganya. Ni mimi niliyeuliza swali la nusu nikataka jibu zima.

Usidhani basi tulimaliza siku ile. Jagat alitoa mipira, akatoa majani yote mazito, lori likakaa chini tena, nami nikachanganyikiwa upya: tumerudi tulikoanza! Akaingia uvunguni, akatoka, akalitazama tangi la maji kwa muda mrefu. "Tangi hili linaning'inia nyuma ya ekseli," akasema. "Ni kama mzega, mti wa begani, wenye ndoo upande mmoja tu. Nyuma kunashuka, mbele kunainuka, na usukani unapoteza nguvu. Hapo springi haiponyi kitu. Tangi lihamie mbele, mgongoni kwa dereva."

Tukamwita Athumani. Alinung'unika, lakini Mama Nesi alipomwomba, alivunja ukuta wake mwenyewe akalihamisha tangi. Lori likainuka kidogo hata kabla ya springi kuguswa. Kisha Jagat akaziacha springi laini za mwanzo, akaweka juu yake springi fupi ya msaada, ambayo haigusi kitu mzigo ukiwa wa kawaida. Nyumba ikiinama sana ndipo inapoupokea uzito. "Na sikiliza," akaniambia akifuta mikono, "springi huinua gari. Haiongezi nguvu ya ekseli wala ya tairi. Usipakie sana kwa sababu linaonekana limesimama vizuri."

Tukaenda Geita. Nisikufiche, sikuwa na amani. Kila nikisikia springi ya msaada inagonga, moyo wangu unagonga nayo. Mbele ya Kahama mvua ilitukuta, udongo ukawa uji, lori likayumba kushoto na kulia, na mimi nikawa najiuliza kama tulichagua sawa, kama tungeacha jani moja zaidi, kama mipira ile ingefaa hapa. Nyuma kulikuwa kimya. Hakuna ngumi ukutani, hakuna sauti ya Mama Nesi. Kimya kile kikanitisha kuliko kelele. Tulipofika kambi ya kwanza ya wachimbaji nilikimbia nyuma, nikafungua mlango.

Mama Nesi alikuwa amelala usingizi, mkono chini ya shavu, chupa zake zote nzima kabatini. Na uani kina mama walikuwa wameshaanza kukusanyika, matumbo mbele, wakisubiri aamke.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Siku utakapojenga nyumba, au kuoa, au kununua chombo cha kukulisha, utashauriwa na wengi, na ushauri wao utapingana, nawe utachanganyikiwa. Usione haya kuchanganyikiwa. Mwenye hakika ya upesi ndiye wa kuogopwa. Lakini usichukue kidogo kwa kila mtu ili usimwudhi yeyote, maana mshika mawili moja humponyoka. Muulize kila mshauri kwanza: wewe umewahi kubeba nini? Kisha mtafute yule atakayelala juu ya uamuzi wako, mke wako, mtoto wako, mgonjwa wako, umuulize yeye kabla ya fundi. Na jambo lililoning'inia pabaya, lihamishe. Usifunge chuma juu yake.

Mungu akupe barabara zinazopitika, mwanangu, na wenzako wa safari wenye kukuambia kweli. Akupe masikio mapana kuliko mdomo. Mvua yako inyeshe kwa wakati wake, ng'ombe wako wazae, na wale uliowabeba wafike salama.