Foleni ya bima ya wajawazito kijijini kwetu: hata bibi wa miaka sabini alijipanga

Wakuu, heshima kwenu nyote. Haya yametokea nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi. Jina la dada nimebadilisha, mengine ni kama yalivyokuwa.

Mimi ni mtu wa njia. Shule niliishia darasa la sita, tangu hapo nazunguka: mara Vuga, mara kuchuma chai Kwamkoro.

Safari hii nilipita Mgwashi kwa dada yangu, Zaina. Nikamkuta miguu imevimba, kajitanda kitenge mchana kutwa, ananiambia kashiba maharage tu. Nikajua ni mimba.

Kwetu mimba haitangazwi mapema. Na mimba iliyopita ya Zaina iliharibika baada ya yeye kuitaja, kwa hiyo hii aliificha hata kwa majirani.

Sasa ile bima ya muda ya wajawazito, ambayo zamani tuliisikia kwa wenzetu, imeongezwa hadi kwetu. Kliniki, hospitali, kujifungua, mpaka miezi michache baadaye, yote yamo.

Tatizo ni foleni. Iko mbele ya ofisi ya kijiji, siku ya gulio. Ukisimama pale umeshajitangaza.

Zaina akagoma. Nikaenda kumpangia foleni mimi, bila kumtaja. Wanawake walicheka mpaka machozi.

"Mghosi, mwanamume wewe, una miezi mingapi?"

"Mwacheni, huyo kabeba kiporo!"

Nesi anayeandikisha akasema mwenyewe aje, lazima apimwe presha.

Nikaenda kwa shangazi yetu. Nikaamkia, nikamwaga siri yote.

"Marahaba. Sasa funga huo mdomo, mwanangu. Niachie mimi."

Gulio lililofuata akashuka na wanawake wa mtaa mzima. Wajane, mabinti, wazee. Zaina katikati, kama mmoja wao. Jirani yetu, bibi wa miaka sabini, akamwambia nesi, "Na mimi niandike, Mungu hashindwi."

Nesi akaelewa. Akawapima wote, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Nani katoka na kadi, hakuna aliyejua.

Presha ya Zaina ilikuwa juu mno. Alipelekwa hospitali siku ileile, akalazwa mpaka alipojifungua. Binti, mzima, ana sauti kama ya shangazi.

Nilichojifunza: kadi ikifika kijijini, bado kuna hatua za kutoka mlangoni hadi mezani kwa nesi, na mwenye hofu hazimalizi peke yake.

Wakuu, kwenu mwenye mimba changa anaandikishwaje bila macho ya watu? Semeni, nesi wetu anasubiri niende kumwambia.