Kiti Kilichopita Sokoni Kitupu

Aibu hii haijaniisha mpaka leo, kwa hiyo nianze na waliokuwepo, maana wengine wapo hai na wataniuliza mbona umeniacha. Alikuwepo Mzee Balthazari, kaka wa marehemu mume wangu, aliyevunjika paja kwa kuanguka kwenye mparachichi. Alikuwepo Generoza, mtoto wa dada yangu, muuza nyanya soko la Kibondo. Alikuwepo Fidelis wa redio ya upepo pale parokiani. Na Domitila, binti wa Balthazari, huyu alikuwa Kasulu, na ndiyo habari yenyewe.

Domitila aliolewa na Mwislamu muuza vitambaa, baba yake akakataa, wakarushiana maneno, binti akaapa hatakanyaga kwao mpaka siku ya kumzika. Mzee alipovunjika akatuma watu kumwita, hakuja. Basi la Kasulu likipiga honi, Mzee anageuza shingo.

Sasa miaka ile ya tisini sisi akina mama wa parokia tulikuwa tunakodisha vifaa vya wagonjwa, viti vya magurudumu, magongo, machela (mtu analipa maharage, au anakuja kutulimia). Wenzetu wa Kasulu walikuwa na vyao. Kila asubuhi Fidelis anaongea nao kwenye redio, kipi kipo, kipi kimetoka, nani anahitaji, na kila mwenye redio kwenye misheni na makambi ya wakimbizi anasikia.

Asubuhi moja Kasulu wakaomba kiti, kuna mama amekatwa mguu, na lori la parokia linaondoka saa sita. Kiti chetu kilikuwa kwa Mzee Balthazari, naye alishaanza kutembea kwa magongo, akasema, shemeji, chukua, mimi nimekichoka. Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu mgonjwa akipona anarudisha kifaa mwenyewe, majirani wanamsindikiza, pombe ya ndizi inafuata nyuma. Akifa, ndipo sisi akina mama tunakifuata, na anayekisukuma hasalimii mtu njiani. Nikasema lori halisubiri pombe, nikakisukuma peke yangu, tena katikati ya soko, siku ya gulio.

Na jino. Sijasema jino. Lilikuwa limeniamkia, shavu limevimba, nimejifunga kitenge toka kidevuni mpaka utosini, machozi yanatoka yenyewe. Watu wananisalimu mwakeye, siitikii, mdomo haufunguki. Generoza akaacha nyanya zake akanikimbilia, anauliza ni Mzee, ni Mzee? Nikampungia mkono anipishe. Akakaa chini palepale akashika kichwa (mimi nikadhani ananihurumia jino).

Fidelis naye hakuuliza. Akashika redio akasema kiti cha Mzee Balthazari kimerudi, amekileta mama asiyesalimia mtu, kinakuja na lori. Mimi nikaenda kung'olewa jino.

Natoka huko mdomo umejaa pamba, nakuta njia ya kwa Mzee imejaa watu, wanawake wana kuni kichwani, wanaume wana majembe, wengine walishafika shambani wanabishana alazwe karibu na mkewe au upande wa migomba. Mzee alikuwa amelala usingizi wake wa mchana. Akatoka na magongo yake kuuliza nani amekufa. Generoza akaanguka. Mwenye jembe akalificha mgongoni.

Watu wakacheka, wakanitazama mimi. Lakini mpishi wa misheni ya Kasulu alishasikia redio akakimbia kwa Domitila. Jioni binti akashuka kwenye basi, khanga kiunoni, analia toka barabarani, mumewe nyuma amebeba sanda. Akamkuta baba yake kwenye kigoda. Kilio kikakatika.

"Baba, umejiua ili nije?"

Akamgeukia mumewe, twende zetu. Mimi nikajua huyu akipanda basi sasa, harudi tena hata kwa kifo cha kweli. Basi nikatema pamba mbele ya watu wote, damu kidevuni, nikasema ni mimi, baba yako hajui lolote, nikaeleza lori, nikaeleza soko, nikapanua mdomo nikaonyesha na pengo.

"Mama mdogo," akasema, "nimelia toka Kasulu. Toka Kasulu."

Ndipo Mzee akafungua mdomo. "Nilituma watu wenye akili zao, hukuja. Umekuja kwa jino la shemeji yangu." Akamtazama mkwewe. "Na wewe, hiyo sanda itunze, nitaihitaji. Kaeni."

Wakakaa. Chakula cha msiba kikaliwa, marehemu akawa wa kwanza kunawa. Mimi nikanywa uji.

Juzi mjukuu wangu Leokadia amenionyesha kwenye kompyuta mfumo anaoutengeneza, wa mtandaoni, wa kukodisha vifaa vya wagonjwa Kasulu na Kibondo. Kifaa kikirudi inatokea alama ya kijani, basi. Nikamwambia haitoshi, weka na mahali pa kusema mgonjwa yuko wapi. Akasema, bibi, hiyo siyo kazi ya mfumo. Hata mimi siku ile nilidhani siyo kazi yangu. Tangu hapo sijarudisha kifaa cha mtu aliyepona bila mwenyewe kunisindikiza, lori na liondoke.

Generoza anabisha, anasema hakuanguka, alikaa. Mliokuwepo mnaokumbuka kuliko mimi, nirekebisheni.