Samaki Mmoja na Pipa la Maji ya Mvua

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi tisa na alikuwa ameshaugua malaria mara nne. Naliandika hilo kwanza ili mtu asidhani nilifuga samaki kwa starehe. Starehe ningeipata wapi? Tuliishi Malaba, kwenye nyumba za reli, chumba kimoja na jiko la nje. Mume wangu alikuwa klaki wa godauni. Mimi nilikuwa nimefika kidato cha tatu nikatolewa shuleni tumbo lilipoanza kuonekana. Yeye hakuna aliyemtoa mahali popote. Alizidi kufunga tai na kwenda kazini. Nalisema mara moja tu, lakini halijaniisha.

Kila homa ilipokuja nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda dispensari, na kila mara muuguzi alinipokea kana kwamba mimi ndiye niliyemuuma.

"Wewe tena? Maji yaliyosimama kwako yako wapi?"

Nilijua yaliko. Pipa letu la maji ya mvua lilikaa chini ya mfereji wa bati, na ndani yake viluwiluwi wa mbu walijinyonganyonga mchana kutwa. "Yamwage," muuguzi alisema. Kusema ni rahisi. Mto ulikuwa mbali, na nepi za mtoto hazifuliwi kwa mate. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Budalang'i kunisaidia kulea, alicheka kwa dharau nilipomweleza. "Nimwage maji Mungu ameleta mpaka mlangoni? Huyo muuguzi hajawahi kuchota."

Basi siku moja mume wangu akarudi na sanduku la kioo begani na mkebe mkononi. Steshenmasta, Mgoa mmoja mpole, alikuwa amepata uhamisho na hakuweza kusafiri na samaki wake.

"Hawa wanakula viluwiluwi," mume wangu akasema, akijivuna kama mtu aliyewavua mwenyewe. "Aliwaweka kwenye mapipa yake yote. Umewahi kuona watoto wake wakiugua?"

Nikaunusa ule mkebe. "Humu mlikuwa na nini?"

"Mafuta ya taa. Lakini nilisuuza."

Jua lilipotua, sita kati ya samaki wanane waliokuja mkebeni walikuwa wakielea matumbo juu. Waliobaki walikuwa dume mmoja, mdogo kama ukucha, mwenye mkia wa rangi kama kipande cha kitenge, na jike wa rangi ya majivu mwenye tumbo kubwa. Kesho yake dume naye akafa. Maneno niliyomwambia mume wangu siyaandiki hapa.

Nilibaki na jike mmoja. Nikimtia pipani angechotwa na jagi akaishia kwenye sufuria ya ugali. Nikamwacha kwenye sanduku la kioo, juu ya meza karibu na dirisha, nikawa namvulia viluwiluwi kwa kichujio cha chai. Alipomwona wa kwanza alimrukia, akammeza mzima. Nilisimama pale na kichujio mkononi, mtoto akilia nyuma yangu, nikasema moyoni: kama wangekuwa ishirini kama huyu, pipa lingekuwa safi.

Nilingoja mayai. Daftari langu la shule lilisema samaki hutaga mayai, na mama mkwe alisema hivyohivyo bila daftari. Alikuwa ameuza samaki pwani ya Osieko tangu usichana wake, hakuna aina asiyoijua, na huyu wangu alimdharau waziwazi. "Hii ni samaki ama ni nzi?"

Asubuhi moja nikaona kitu majini, chini kabisa, kama vumbi lenye macho.

"Mama! Njoo uone!"

Akaja na mtoto kiunoni. Tulipokuwa tukitazama, kitu kilichojikunja kilitoka nyuma ya jike, kikaanguka, kikajinyoosha, kikaogelea. Hapakuwa na yai. Mama mkwe akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Anazaa! Anazaa kama mbuzi!"

Kisha yule jike akageuka akamdaka mmoja. Nikapiga kelele, nikashika kichujio nimtoe. Mama mkwe akanikamata mkono.

"Wacha! Anamficha. Wewe hujui ngege? Ngege akiona hatari anafungua mdomo, watoto wote wanaingia ndani. Hatari yenyewe ni wewe na hiyo kichujio yako."

Nami nikaamini, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Nilikuwa nimesafisha ngege, hao perege wa ziwani, tangu utotoni, nimekuta watoto wamejaa kinywani mwa mama yao, wazima, wakimwagika kwenye karai. Kila mtu wa kando ya ziwa amewaona. Mama mkwe akavua leso yake ya begani, akafunika kioo chote. "Mpe nafasi. Akitulia atawatema."

Tukakaa nje tukichambua maharagwe, tukinong'ona kama watu walio karibu na chumba cha mzazi. Adhuhuri tukafunua. Jike alikuwa peke yake.

"Bado anawashikilia," mama mkwe akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Alasiri nikamtupia kiluwiluwi. Akafungua kinywa wazi, akala, akangoja kingine. Hakuna kilichotoka humo.

"Amewala," akasema mama mkwe, polepole.

"Wewe ndiye umewala!" nikasema. "Wewe na ngege wako! Mtoto akiugua tena utambeba wewe, mimi mgongo wangu umechoka!"

Mkwe hasemezwi hivyo. Nilijua wakati maneno yakitoka, na sikuyarudisha. Alichukua leso yake, ambayo pindo lake lilikuwa limelowa, akaikung'uta, akaingia jikoni.

Wiki hiyohiyo homa ya tano ikaja. Sikumwomba. Alimtoa mtoto kitandani, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, akaenda dispensari. Waliporudi, mtoto alikuwa na uchungu wa dawa mdomoni, na mama mkwe alikuwa na sufuria kichwani. Alikuwa amepitia kinamasi cha mtoni. Ndani ya sufuria mlikuwa na majani yanayoelea, yaliyopangika kama kabichi changa, na mizizi yake ilining'inia kama nywele.

"Kwetu mafuriko yakija, samaki wadogo wanajificha humu," akasema, akiyaweka majini moja moja. "Kama mama yao ni mchawi, tuwape mahali pa kukimbilia."

Huko ndiko kuniomba radhi kwake. Kwangu kulikuwa ni kuongeza maji na kumwekea chai.

Lakini tulikuwa tunawaandalia nani? Dume alikuwa ameshakufa. Nilimlisha jike yule kwa hasira tu, kwa sababu sikutaka mume wangu apate la kusema. Wiki ya nne nikaona tumbo limejaa tena, mpaka limekuwa na pembe kama sanduku, na karibu na mkia pana doa jeusi.

"Haiwezekani," nikasema. "Bwana alikufa mwezi uliopita."

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. "Mwenzetu ana mimba na bwana yuko kaburini! Sasa kanisa litasema nini?"

"Watamfukuza shule," nikajibu.

Akanitazama aone kama nimekasirika, akaona sijakasirika, tukacheka tena. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu niolewe. Kwamba jike huyu huweka mbegu ya dume mmoja akazaa nayo mara kadhaa, hakuna mwalimu aliyeniambia. Nimelijua kwa kutazama.

Siku alipozaa, hatukungoja neno la mtu. Mama mkwe alishika beseni, mimi nikashika kichujio, tukamtoa mama mtu wakati watoto bado wanakimbilia mizizi. Mume wangu akaingia kwa chakula cha mchana.

"Chakula kiko wapi?"

"Tuko leba," mama yake akamwambia bila kugeuka. "Ngoja nje."

Akangoja nje. Nilihesabu mara tatu, nikapata ishirini na watatu. Niliwalea kwa kiini cha yai la kuchemsha, punje ndogo ya kushika kwa kucha. Miezi miwili baadaye nikawatia kumi pipani. Siku nne zilipopita nikashusha kikombe cheupe cha bati majini, nikakiinua juani. Maji matupu. Nikakishusha tena upande wa pili. Matupu.

Sitadanganya: mbu hawakuisha usiku ule. Kila nyumba kwenye mstari wetu ilikuwa na pipa lake. Basi nikaenda mlango kwa mlango na samaki kwenye jagi, na aliyenikatalia alinisikia. Mke wa dereva mmoja wa lori akaweka mikono kiunoni.

"Dada, hao watanya kwenye maji yangu."

"Na mbu wanafanya nini humo? Wanaoga?"

Akachukua wanne.

Mwezi ukapita, mtoto hajashikwa na homa. Sikusema kitu; niliogopa kusema. Ukapita wa pili. Alianza kutembea, akanenepa mapaja, akang'oa nusu ya majani ya kinamasi siku moja tulipomwacha karibu na meza. Wa tatu ulipokwisha, nilikuwa sokoni nimembeba nikinunua nyanya, nikasikia sauti niliyoijua.

"Mama! Mlihama?" Alikuwa yule muuguzi. Alimshika mtoto shavu, akamvuta jicho chini kutazama damu. "Sijawaona kitambo."

"Hatukuhama. Nimeweka samaki pipani."

Nikamweleza yote pale kati ya nyanya, hata lile kosa la ngege. Alisikiliza. Mwisho akaniuliza kama ningemletea wachache, ajaribu.

"Nitaleta kesho," nikamwambia. "Lakini kwanza nitaangalia pipa la dispensari."

Akacheka, akasema nije mapema, kabla foleni haijawa ndefu.