Tarumbeta Chini ya Dirisha

Mchungaji alipoanza kuja kwetu Makorora kunywa chai, nilijua kuna kitu anakitaka. Mume wangu alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya dansi, mtu aliyeletwa Tanga na kazi ya mkonge akabakizwa na muziki. Kwa sababu ya dansi hiyo kanisa letu la Kilutheri lilikuwa limemtenga: haruhusiwi kwenye Meza ya Bwana, hasimami mbele ya watu, anakaa benchi la mwisho. Mtoto wetu wa kwanza naye akanyimwa ubatizo kwa kosa la baba yake. Alikuwa ameshaanza kutambaa, na kila akichemka mwili niliogopa atanifia kabla hajapata maji.

Sasa watu wale wale waliotutenga wanamtuma Mchungaji na tabasamu, anauliza habari za bendi, anaisifu chai yangu. Jirani yangu, mama wa Kidigo, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shoga, mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wako kaja apone nani?"

Jibu lilikuja siku alipoomba kikombe cha pili. Kanisa lilikuwa limepata matarumbeta, na hakuna kijana aliyejua hata kuyashika. Kanisa lisiwakimbie wapiga muziki, akasema Mchungaji, liwafanye marafiki. Basi mume wangu angewafundisha vijana? Mume wangu alivimba kwa furaha. Mimi nikauliza, "Na mtoto, Mchungaji?"

"Tutaona, mama. Wazee wa kanisa wana maneno yao."

Tutaona! Neno hilo nalijua tangu kwa baba yangu kule Usambara. Ni hapana iliyovaa kanzu.

Mume wangu akafundisha, jioni baada ya jioni, bila kusikiliza manung'uniko yangu. Krismasi ilipokaribia, wazee wakaona kwamba vijana hawafiki mwisho wa wimbo bila mwalimu wao, na mwalimu ni mtu aliyetengwa, hawezi kusimama mbele. Wakapata dawa. Walimweka nje ya kanisa, chini ya dirisha, apulizie ndani.

Ibada ilipendeza, sikatai. Watoto wa wenzangu wakabatizwa. Mimi nilikuwa benchi la mwisho na wangu mgongoni, akirusha miguu kila aliposikia tarumbeta ya baba yake ikitoka nje. Nilikasirika hata nikashindwa kusema Amina.

Baada ya sikukuu Mchungaji akapiga hodi. Nilimimina chai, nikatia sukari kama anavyoipenda, na mlango nikauacha umefungwa. Nikampitishia kikombe dirishani.

"Mwanamke, una wazimu?" mume wangu akaninong'oneza.

Barazani kwake, jirani aliacha kupeta mchele. Mchungaji alikitazama kile kikombe, akanitazama mimi, kisha akakipokea. Alikunywa pale pale juani, akiwa amesimama, mpaka tone la mwisho. Aliponirudishia kikombe, akaniuliza kwa sauti ndogo mtoto ataitwa nani.

Sikumwamini hata hapo. Nilimwambia jina atalisikia ndani ya kanisa, pale mbele, kutoka kinywani mwa baba yake.